Chumvi yangu ina uchungu na inarowa, naomba ushauri

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina majaruba manne ya chumvi upande wa Wesha, Pemba, msimu wangu wa pili huu. Chumvi inatoka nyeupe, lakini ukiionja ina uchungu, na ikikaa kwenye gunia siku mbili tatu inarowa, hata kaskazi hii ya jua kali.

Ninavyofahamu, kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvichumvi: kloridi 19, sodiamu karibu 11, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, na kalisiamu na potasiamu kidogo kidogo. Nashuku magnesiamu, maana ndiyo inayobaki majini mwisho na ndiyo inayovuta unyevu. Jasi, ile ya kalisiamu na salfeti, hainipi tabu, inaganda mapema.

Nimeianika upya, wapi! Nikaiosha kwa maji ya kisima, nyingi ikayeyuka, mke wangu akacheka mpaka basi.

Nimeambiwa maji ya mwisho, yanayobaki jarubani chumvi ikiganda, nisiyaache yapite digrii 29 za Baumé (kipimo cha ukolevu wa maji ya chumvi), nami kipimo hicho sina. Kuna njia ya kujua kwa macho au mkono wakati wa kuyamwaga? Na kuna aliyeosha chumvi kwa maji ya chumvi yaliyokolea badala ya maji matamu, ikatulia?