Tupeane uzoefu: uliomba chuo ukiwa na matokeo ya kawaida?

Dada Mkubwa, Rau

Wadau, habari za saa hizi. Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Katoka na D ya Kemia, D ya Baiolojia na E ya Fizikia: divisheni ya tatu, pointi 13. Tangu matokeo yatoke hataki kusikia habari za chuo. Ndoto ilikuwa udaktari, na hospitali ya KCMC tunapita nje yake kila tukienda mjini. Baba anasema arisiti, yaani arudie mtihani. Mama anataka aombe chochote kitakachompokea. Mjomba ameshamtafutia nafasi dukani kwake Himo. Mliopitia hali hii mlifanyaje? Naomba uzoefu, mawaidha tumeshapewa ya kutosha.

Mama wa Sakina

Dada, huyo hajafeli. Tatizo watu wanachanganya hesabu mbili. NECTA, baraza la mitihani, wanahesabu A kuwa 1, kwa hiyo pointi chache ndizo nzuri. TCU, tume ya vyuo vikuu, ni kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, S nusu. Sifa ya chini ya kuingia shahada ni prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya 4.0 kwenye masomo ambayo kozi inayataka. D zake mbili ni 4.0 kamili.

Sasa ukweli mchungu. Udaktari unataka D zote tatu. E ya Fizikia imefunga mlango huo kwa mwaka huu, na shahada nyingine nyingi za afya zinataka pointi 6 kwa masomo matatu, yeye ana 5. Asimwage ada ya maombi huko. Na hiyo 4.0 ni ya kukuruhusu kupanga foleni tu; kozi ikiwa na waombaji wengi wanaanza na wenye pointi nyingi.

Mimi nilikuwa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), D mbili na S. Mtaani kwetu nilishaitwa aliyefeli. Niliomba kwa mpangilio: kozi moja ninayoitamani, moja ninayoistahili bila wasiwasi, na moja ya akiba ambayo nikipewa sitalia. Nikapata ya pili, uhasibu. Leo nafunga hesabu za watu hapa Arusha na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza divisheni.

Tabibu wa Hai

Nimesoma hii nikiwa zamu ya usiku, imebidi nijibu.

Mimi kidato cha nne nilipata C ya Baiolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia na D ya Hisabati. Nilipangiwa kidato cha tano, HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Nikamwambia baba siendi, nataka kutibu watu. Alininunia wiki nzima. Stashahada ya utabibu inaingilika kwa matokeo ya kidato cha nne, ufaulu wa masomo manne yakiwemo hayo matatu ya sayansi. Maombi ni chini ya NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, enzi zetu ikiitwa NACTE. Miaka mitatu. Ada ilitoka kwenye ndizi na mbege ya mama, na kila muhula tulichelewa kumalizia.

Nikafanya kazi kituo cha afya, kisha nikaunga shahada. Sasa niko mwaka wa nne wa udaktari. Walipopokea maombi yangu waliangalia GPA (wastani wa alama) ya stashahada, inayoanzia 3.0, halafu wakarudi kwenye cheti cha kidato cha nne, hadi Hisabati na Kiingereza. Kwa hiyo dada, kabla ya yote mwulize mdogo wako alipata nini kidato cha nne. Hapo ndipo jibu lilipo kama bado anautaka udaktari. Njia ni ndefu, ila inafika. Na darasani kwangu tulioungaunga ndio hatuogopi kuchoma sindano.

Mhitimu, Usa River

Mimi napingana kidogo na mama. "Chochote kitakachompokea" ndicho nilichofanyiwa nyumbani. Shahada ninayo, fani siipendi, nimeajiriwa kwenye jambo jingine kabisa na Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Rafiki yangu aliyekwenda chuo cha ufundi cha VETA Njiro kusomea upishi alianza kulipwa wakati mimi bado nasubiri bumu, hela ya mkopo ya kujikimu. Mkopo si zawadi, aujue mapema.

Mangi wa Kiborloni

Kuhusu kurisiti: mimi nilirisiti. Kituo cha jioni, mwalimu wa Fizikia anakuja akijisikia. Nilitoka E nikapata S. Mwambie baba ukweli huo kwa heshima zote.

Kama kurisiti, basi awe na mwalimu anayejulikana na asikae bure, ila mwenzenu nilikuwa nauza mitumba mchana na usiku nasinzia juu ya daftari.

Mwanafunzi Mzee

Waliopata chini ya huyo binti nao wasikate tamaa. Nilikuwa na E na S, yaani 1.5 kwa hesabu ya TCU. Nilipita kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, nikatakiwa GPA ya 3.0, nikaipata huku nafanya kazi. Inachosha, hasa ukiwa na watoto.

Dada Mkubwa, Rau

Asanteni sana. Kidato cha nne ana C za Baiolojia, Kemia na Kiingereza, D za Fizikia na Hisabati. Amesoma majibu yenu yote, ya Tabibu ameyarudia. Ameamua aombe vitu viwili: stashahada ya utabibu, na shahada ya ualimu wa Kemia na Baiolojia. Baba bado yuko kwenye kurisiti. Je, akipata kote?

Mama wa Sakina

Atachagua yeye, siyo kikao cha ukoo. Mwongezee na Mweka, chuo cha wanyamapori, kipo juu ya Moshi hapo. Asome sifa za kozi za wanyamapori kwenye mwongozo wa TCU. Na akichaguliwa vyuo vikuu zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Kwa hiyo kwenye fomu aandike namba yake mwenyewe, siyo ya kijana wa steshenari anayemjazia.