Gumzo la familia: Tarumbeta za Rungwe

*Shangazi Tusekile:* Mugonile wapendwa. Leo nimemwona Lusajo kanisani Rungwe, amekaa mpaka baraka ya mwisho. Nimefurahi mno 🙏🏾

*Lusajo:* Shikamoo shangazi. Ni kweli. Tangu nihamie Dar, kanisani nilikuwa naingia kwenye harusi na misiba tu. Leo nilimsindikiza mama. Halafu tarumbeta zikaanza.

*Shangazi Tusekile:* Marahaba mwanangu. Ehe, zikakufanyaje?

*Lusajo:* Shangazi, wale hawatumii hata kipaza sauti. Mmoja alifuta mdomo wa tarumbeta kwa pindo la shati, akawatazama wenzake, wakavuta pumzi pamoja. Sauti ikajaa kanisa zima, ikapanda mpaka paani, ikaturudia hata kabla hawajashika noti inayofuata. Waumini wakapokea kwa sauti zote nne. Wazee wa besi walikuwa nyuma yangu, wanaimba bila kitabu, benchi linatetemeka. Nikajikuta naimba na beti zote ninazo kichwani. Machozi yalinitoka, siwafichi.

*Dada Neema:* 😭😭 Mungu ni mwema.

*Baba Mkubwa:* Huo ni urithi wetu, Lusajo. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, walipitia Ziwa Nyasa. Kwao Herrnhut, Ujerumani, ibada na muziki haviachani. Ile ibada ya Pasaka alfajiri makaburini ilianzia huko mwaka 1732.

*Lusajo:* Kumbe ni ya zamani hivyo! Pasaka nitakuwepo, baba mkubwa. Nimeshaomba ruhusa moyoni, bado ya bosi.

*Dada Neema:* Mimi nilipokuwa nasoma Peramiho nilikuwa naingia kanisa la abasia, yaani monasteri, jioni, wamonaki wakiimba zaburi. Upande huu unaimba mstari, upande ule unajibu, taratibu, hakuna anayemkimbilia mwenzake. Mimi si Mkatoliki lakini nilikuwa natoka pale nimetulia kabisa. Wamonaki hao, Wabenediktini, wapo Peramiho tangu 1898, na kanisa lao limejengwa kwa ajili ya watu wa kuimba.

*Mama Gwamaka:* Mnaniumiza kichwa sasa. Ushirika wetu wa kanisa hapa mjini tunachangia dari la jipsamu na spika kubwa mbili.

*Lusajo:* Mama Gwamaka, nakuomba, lisishushwe hilo dari! Mtaua kwaya.

*Mama Gwamaka:* Baba, mvua ikipiga bati mchungaji hasikiki hata neno. Mvua za huku unazijua.

*Kaka Ambakisye:* Wote mna hoja. Nimepaua makanisa kadhaa, nawaambia nilichokiona. Kuta ngumu na paa la juu vinarudisha sauti, ndiyo maana kwaya ndogo inasikika kubwa. Ukishusha dari na kutandika mazulia, sauti inamezwa, waimbaji wanaanza kupiga kelele. Ila mwangwi ukizidi, maneno ya mahubiri yanagongana. Dawa ni kupigilia mbao chini ya kenchi kwa kufuata mteremko wa paa. Kimo kinabaki, kelele za mvua zinapungua. Spika ziwe ndogo, karibu na mabenchi, za mahubiri tu.

*Mama Gwamaka:* Mbao si ghali kuliko jipsamu?

*Kaka Ambakisye:* Inategemea mbao. Paina ya Mufindi inatosha, ikishakaushwa vizuri na kupakwa dawa ya wadudu.

*Baba Mkubwa:* Hilo walisikie wazee wa kanisa kabla hela haijatoka.

*Mama Gwamaka:* Kikao ni Alhamisi saa kumi. Ambakisye, utakuja?

*Kaka Ambakisye:* Nakuja na futi, tupime kwanza.

*Lusajo:* Mimi naanza na 50,000 ya mbao, natuma leo. Na shangazi, niulizie kwa kiongozi wa tarumbeta kama wanapokea mtu mzima asiyejua kitu.

*Shangazi Tusekile:* Wanapokea. Nilishamuuliza tukitoka ibadani 😊 Ukija likizo, mazoezi ni Jumamosi mchana.

*Lusajo:* Ndaga fijo, asante sana shangazi.