Mwanangu anauliza: kama ubaguzi shuleni ulipigwa marufuku 1954, mbona darasani kwao hakuna mzungu?

Mama Aline (Louisville, Kentucky)

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kwenu mliotangulia kufika Marekani. Sisi tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, sasa tunakaa kusini mwa mji, si mbali na uwanja wa mbio za farasi. Kijana wangu yuko darasa la saba. Juzi walifundishwa kesi ya Brown ya mwaka 1954, ile ambayo Mahakama ya Juu ilisema kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha Katiba. Karudi nyumbani, hajavua hata begi, ananiuliza: "Mama, sasa mbona darasani kwetu hakuna mzungu?" Nimekosa la kumjibu.

Nilichokiona siku ya kikao cha wazazi ni watoto wa kwetu Kongo, Wasomali, na weusi wa hapahapa. Mwalimu wa hesabu ni wa muda tu tangu shule zifunguliwe. Binti wa shemeji yangu, anayekaa mashariki mwa mji, shule yake ina maabara na bendi ya muziki, na huko weusi ni wa kuhesabu. Halafu kwenye kikao hakukuwa na mkalimani. Walimwambia mwanangu anitafsirie, kwa hiyo mtoto ndiye aliyenisomea alama zake mwenyewe na malalamiko ya walimu juu yake. Iliniuma sana.

Je, hapa sheria haivunjwi? Na ninaweza kumhamisha?

Mpita Njia (Texas)

Mama, shule inafuata mtaa. Ukitaka shule nzuri, hamia mtaa mzuri, kwa sababu kodi ya majengo ndiyo inayolisha shule. Wazazi wa San Antonio walilipeleka jambo hili mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Usipoteze nguvu zako.

Baba Furaha (Louisville, Kentucky)

Mama Aline, pole, na hongera kwa kulea kijana anayeuliza swali kama hilo. Aliyosema ndugu wa Texas kuhusu San Antonio ni kweli, lakini naomba usiishie hapo. Louisville ina historia yake, na ukiijua utaona ni wapi pa kushika.

Hukumu ya 1954 iliikataza serikali kuwatenga watoto kwa sheria. Haikusema lazima wakae darasa moja. Hapa walifungua milango mwaka 1956, lakini wakaruhusu mzazi aombe uhamisho, na ilipofika miaka ya 1970 shule zilikuwa zimerudi kulekule, weusi kwao na wazungu kwao. Mwaka 1975 jaji wa shirikisho akaamuru watoto wachanganywe kwa mabasi, na mwaka huohuo wilaya ya elimu ya mji ikaunganishwa na ya kaunti.

Kazini kwangu, bohari la vifurushi zamu ya usiku, niko na mzee mmoja mweusi wa hapa aliyekuwa mtoto wakati ule. Watoto walipangwa kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo: herufi yako ndiyo iliyoamua mwaka gani unapanda basi kwenda mbali. Mtoto wa kizungu alipanda miaka 2 kati ya 12, mweusi hadi miaka 10. Mabasi yakapigwa mawe, gavana akaleta askari. Mzee anasema walikuwa wakifika kwenye kona fulani, dereva anawaambia wainame, naye anaweka begi la vitabu juu ya kichwa mpaka wapite. Alikuwa na miaka kumi na moja. Nikisikia mtu anasema weusi walipewa shule nzuri bure, namkumbuka huyu mzee. Mzigo wa kuchanganya shule waliubeba watoto wao kuliko wengine wote.

Amri ya mahakama iliondolewa mwaka 2000, lakini wilaya ikaendelea kwa hiari yake: kila shule iwe na wanafunzi weusi wasiopungua asilimia 15 na wasiozidi 50. Mama mmoja mzungu akashtaki kwa sababu mwanawe wa chekechea alikataliwa uhamisho. Mwaka 2007 akashinda Mahakama ya Juu, kura 5 kwa 4. Tangu hapo wilaya haiwezi kumpanga mtoto mmoja mmoja kwa rangi yake. Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliacha nafasi ya kutumia njia nyingine, ndiyo maana baadaye hapa walianza kuangalia mtaa: kipato cha watu wake, elimu yao, na kadhalika. Kwa maoni yangu hukumu ile ilikuwa mbaya. Ilizuia rangi isitajwe kwenye fomu, lakini mitaa iliachwa kama ilivyo, na mitaa hiyo haikujigawa yenyewe. Benki na serikali ziliigawa kwa makusudi, ziliponyima mikopo ya nyumba maeneo ya weusi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: darasa kukosa mzungu, peke yake, si kuvunja sheria. Mweleze kijana hivyohivyo, ana umri wa kuelewa.

Lakini la mkalimani ni jambo lingine kabisa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza shule inayopokea fedha za shirikisho kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake. Mwaka 1974, katika kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, majaji wote walikubaliana kwamba kumkalisha mtoto darasani asikoelewa lugha, bila kumsaidia, ni kumnyima elimu. Mwanao asiwe mkalimani wako tena. Kabla ya kikao kijacho andika barua pepe mistari miwili: naomba mkalimani wa Kiswahili, tarehe fulani. Iandike, usiseme kwa mdomo, na utunze nakala. Na ile fomu ya kuandikisha mtoto inayouliza lugha ya nyumbani, andika Kiswahili. Wapo wanaoandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto kuonekana mjinga, halafu anakosa mwalimu wa lugha.

Kuhusu kumhamisha: unaweza kuomba. Watu wa Detroit walikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1974 kuvuka mpaka wa wilaya kwenda vitongoji vya wazungu. Sisi hapa mji na kaunti ni wilaya moja, mpaka huo haupo. Shule ya mashariki ni ya wilaya yako kama ilivyo ya shemeji yako.

Mama Aline

Mungu akubariki Baba Furaha. Barua nitaiandika leo. Lakini sina gari, na mume wangu anaingia kazini saa kumi na moja alfajiri. Pia jirani yangu anaogopa kumwandikisha mtoto kwa sababu karatasi zake hazijakamilika. Nimwambieje?

Dada Riziki (Louisville, Kentucky)

Jirani mwambie ampeleke kesho. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982, kesi ya Texas, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya karatasi za uhamiaji.

La gari ndilo gumu. Mwaka 2024 bodi ya elimu ya wilaya ilisitisha mabasi ya shule nyingi za kuchagua, zile mzazi anazoomba mwenyewe badala ya shule ya mtaa wake, madereva walikuwa hawatoshi. Binti yangu alikuwa kwenye mojawapo. Tulio na gari tulibaki, wasio na gari wakarudisha watoto shule ya karibu, na wengi wao walikuwa watu wetu.

Baba Furaha

Dada Riziki amesema kweli, na hilo linanichoma kuliko hukumu zote. Haki ya kuchagua shule bila basi ni ya mwenye gari peke yake.

Mama Aline, kabla hujaandika jina la shule yoyote kwenye maombi, piga simu uulize mambo mawili: basi lipo mwaka ujao, na kituo kiko wapi. Dirisha la maombi hufungwa miezi mingi kabla ya mwaka wa masomo, usisubiri kiangazi. Mikutano ya bodi iko wazi kwa umma, na mzazi anaruhusiwa kujiandikisha kuzungumza. Mimi nitakwenda unaofuata kuwaeleza habari ya mabasi. Riziki, ukija na wewe tutakuwa wawili. Mama Aline, kama zamu ya mumeo inaruhusu, njoo na kijana. Nitawapitia na gari.