Minimaketi kuuza mfuko badala ya kuutoa bure, Kigoma: sheria inasemaje, na mfuko upi wa kuweka?

Kaunta_Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Ni minimaketi ya kawaida hapa Mwanga, Kigoma mjini: unga, sukari, sabuni, friza moja na mawese ya madumu. Mifuko mbadala, ile ya kitambaa iliyochukua nafasi ya rambo za plastiki, inaagizwa kutoka Dar, na hadi ifike hapa bei imeshapanda. Wateja wamezoea kupewa bure, hata aliyenunua kiberiti na chumvi anataka mfuko.

Naomba msaada kwa mambo haya. Kuuza mfuko kaunta kunaruhusiwa, au kuna bei elekezi? Mfuko halali unatambulikaje, maana kila muuzaji anasema wake ni "wa viwango"? Na ile mifuko laini inayoonyesha ndani, ya kuwekea nyanya na dagaa, mbona ipo kila genge?

Kanuni_394

Mkuu, nianze na hilo la mwisho, ndilo lenye faini.

Marufuku ya Juni 1, 2019 imo kwenye kanuni za GN 394 (Tangazo la Serikali namba 394) za mwaka huo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mfuko unaokatazwa ni ule wa plastiki ya utando unaotumika kubebea bidhaa, *uwe na mikono au usiwe nayo*. Watu wengi wanadhani rambo ni rambo kwa sababu ya mikono yake. Sivyo. Ule mfuko laini ukiuning'iniza kwenye roli pembeni ya nyanya, mteja akapakia na kuondoka nao, umekuwa kibebeo.

Kinachoruhusiwa ni kifungashio cha bidhaa za viwandani, usindikaji wa vyakula, dawa, kilimo, ujenzi na usafi. Sukari iliyofungwa kiwandani ikiwa na jina la mtengenezaji, hiyo ni bidhaa ndani ya kifungashio chake. Genge kuwa na ile mifuko laini hakuifanyi halali. NEMC, baraza la taifa la mazingira, walishalisemea jambo hili la vifungashio kugeuzwa vibebeo mwaka 2021.

Viwango vya adhabu, ili ujue unacheza na nini:
- Kukutwa nao au kuutumia: shilingi 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili.
- Kuuza: 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili.
- Kuhifadhi na kusambaza: milioni 5 hadi milioni 50.
- Kuingiza nchini au kutengeneza: kuanzia milioni 20 hadi bilioni 1.

Zingatia mstari wa tatu. Marobota mawili stoo si "kukutwa nao" tena. Na mtu akikuletea pale Kibirizi rambo za ng'ambo kwa bei ya kutupa, huo ni mstari wa nne unakunyemelea.

Kuhusu kuuza mfuko mbadala: kanuni hazikulazimishi kuutoa bure, wala hazikupangii bei. Ni bidhaa kama kiberiti.

Kaunta_Mwanga

Asante mkuu, roli la ile mifuko laini linashuka leo hii. Sasa huo mbadala nitaupimaje? Kwa kushika mkononi yote inafanana.

Mshono_Ujiji

Mkono unadanganya, hasa mfuko ukiwa mpya na una rangi iliyokolea. Tumia mizani.

Kiwango ni gramu 70 kwa mita ya mraba, ndiyo hiyo GSM 70 utakayoisikia. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 katikati ya mfuko, mbali na mshono, kisha kipime kwenye mizani ya sonara: kisipungue gramu 0.7. Huna sonara karibu? Pima bunda zima kwa mizani ya duka. Mfuko bapa wa sentimita 35 kwa 40 una pande mbili, yaani mita za mraba 0.28. Mifuko 50 ni mita za mraba 14, na 14 mara 70 ni gramu 980. Kwa hiyo bunda la 50 likae karibu na kilo moja, na likiwa na mikanda lizidi hapo. Likisoma gramu 600, umeuziwa GSM 43 hivi, hata kama kwenye boksi wameandika 70. Toa uzito wa nailoni ya kufungia bunda kabla hujapiga hesabu. Mfuko ukiwa na tako lililokunjwa, ongeza eneo la tako.

Baada ya uzito angalia maandishi: jina la mtengenezaji na alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango. Mfuko usio na jina la mtu yeyote, mwenyewe ni wewe siku ya ukaguzi.

Halafu mishono. Mifuko mingi haishonwi kwa uzi, inabanwa kwa mashine inayoyeyusha kitambaa. Joto likipungua, mshono unafunguka kama zipu. Likizidi, kitambaa kinakatika pembeni mwa mshono na unaona vitobo vidogo ukiuelekeza kwenye mwanga. Vuta mkanda mmoja kwa nguvu huku umeshika tako: ukisikia "tra-tra-tra", rudisha bunda. Wenye tundu la kushikia ni wa bei nafuu, lakini unachanika kwenye kona za tundu. Unafaa kilo 2 au 3, usizidishe hapo. Kwa sembe ya kilo 5 na mafuta ya lita 3 chukua wenye mikanda iliyoshonwa kwa uzi, mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Jaribio rahisi: chupa sita za maji za lita moja na nusu, kilo 9, utundike msumarini usiku kucha. Asubuhi ukiwa bado unaning'inia na mkanda haujaanza kuachia, nunua.

La mwisho: kitambaa hiki nacho ni plastiki, ila ni nyuzi zilizogandishwa badala ya utando. Jua linakila. Ukipanga mabunda dirishani, baada ya miezi kadhaa utamuuzia mteja mfuko unaopukutika unga. Stoo, kivulini.

Dada_Gungu

Na mimi nisemee upande wa mnunuzi. Kuuza sawa, lakini mfuko wenye jina la duka na namba ya simu mgongoni ni tangazo lenu. Mteja alipie kutembeza tangazo? Wenye nembo toeni bure au kwa nusu bei, wa kawaida uzeni.

Risiti_Kwanza

Dada Gungu ana hoja, ingawa mimi nisingetoa bure. Kitu cha bure hakirudi dukani. Ningeuza wenye nembo kwa bei ileile niliyonunulia, bila faida hata shilingi.

Mkuu wa Mwanga, kwenye bei fanya hivi. Chukua bei ya bunda, ongeza usafirishaji hadi mlangoni (treni au lori, pamoja na mpakuzi na bajaji), kisha gawanya kwa mifuko *mizima*, si mifuko yote. Tuseme bunda la 100 limekugharimu 28,000, usafiri 2,000, na mitano ina mishono mibovu: 30,000 kwa 95 ni kama 316. Uza 350 au 400. Usiweke 320, utakesha ukitafuta chenji.

Kama umesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani), kumbuka bei ya kaunta ina kodi ndani. Kwa asilimia 18, kwenye 400 kuna kama shilingi 61 za serikali. Ndiyo maana udai risiti ya EFD (mashine ya kodi) kwa aliyekuuzia mifuko, upate kurejesha kodi uliyolipa wewe. Ukinunua kwa mtu wa mkokoteni asiye na risiti, hizo 61 zinatoka mfukoni mwako.

Kwenye mashine fungua bidhaa mbili, "mfuko mdogo" na "mfuko mkubwa", zionekane kwenye risiti kwa jina. Usiufiche ndani ya bei ya sukari. Ugomvi mwingi wa kaunta hautokani na hiyo mia nne, bali mteja kugundua nyumbani kwamba amelipia kitu ambacho hakuulizwa. Bandika bei mlangoni na kaunta, na keshia aulize kabla ya kuskani: "Una mfuko, au nikuwekee wa mia nne?"

Kanuni_394

Naongezea kwa Risiti_Kwanza. Kwenye nchi zinazotoza kwa sheria, kulipa kwa kuonekana ndiko kulikobadilisha watu. Ireland walianza mwaka 2002 kwa senti 15 za yuro, zinakwenda hazina ya mazingira ya serikali, na matumizi yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 90. Uingereza, kwa upande wa England, walianza Oktoba 2015 kwa peni 5, zikawa 10 Mei 2021. Kule hela haiendi serikalini, maduka yanatarajiwa kuipeleka kwenye shughuli za jamii. Kwetu hakuna tozo ya aina hiyo. Mia nne ya mfuko ni mauzo ya duka, basi. Usimwambie mteja "ni hela ya mazingira" wakati inaingia droo ileile ya sabuni.

Kaunta_Mwanga

Nimewapata. Bado friza na mawese. Mteja wa migebuka nimpe nini?

Mshono_Ujiji

Mfuko mbadala unavuja, una matundu kila mahali, usimpe mwenye samaki. Mfuko wa karatasi ya kaki ndio mbaya zaidi: ukilowa kwa barafu inayoyeyuka, tako linadondoka kabla hajafika stendi. Samaki ni ndoo ndogo yenye mfuniko. Uza ndoo, au mruhusu aje na yake. Samaki waliofungwa na msindikaji waache kwenye kifungashio chao, uwaweke peke yao.

Mawese yakigusa kile kitambaa doa halitoki, na mfuko hautarudi tena dukani. Kaza kizibo, futa shingo ya dumu, liweke wima ndani ya boksi.

Na hapo kwenye boksi ndipo unapopata cha bure. Maboksi ya sabuni na biskuti umeshayalipia. Usiyakanyage yote jioni. Chagua yaliyo mazima, bandika tako kwa gundi ya karatasi, uyapange chini ya kaunta kwa ukubwa. Anayeondoka na bodaboda atachukua boksi la kufungwa kwa mpira nyuma ya siti kabla hajaulizia mfuko. Ya sabuni ya unga yape wanunuzi wa sabuni tu, maana harufu inaingia kwenye mchele.