MJADALA: Barcelona ifute fleti za watalii, au wageni wote wapandishwe ghorofani kama Benidorm?

Mleta Mada

Wakuu, niweke mezani hili. Juni 2024 meya wa Barcelona, Jaume Collboni, alitangaza kwamba leseni zote za fleti za watalii jijini humo, 10,101 kwa hesabu yao, hazitahuishwa. Zinakoma Novemba 2028. Sababu yake ni kwamba kodi ya nyumba ilikuwa imepanda kwa asilimia 68 ndani ya miaka kumi. Nguvu ya kisheria inatoka kwenye amri ya 2023 ya serikali ya Catalonia, jimbo la Hispania ambalo Barcelona ni mji wake mkuu, iliyowapa wenye leseni miaka mitano ya kujipanga, na Machi 2025 Mahakama ya Katiba ya Hispania ilitupa rufaa iliyoipinga. Katikati ya hapo, Julai 2024, waandamanaji walipita mitaani wakiwalowesha wageni kwa bastola za maji za watoto.

Swali langu: kufuta leseni kutamrudishia mwenyeji nyumba, au wageni watahamia tu mlango wa pili? Au tuwapandishe ghorofani kama Benidorm, mji wa pwani wa Hispania uliojaa hoteli ndefu? Nchi ilipokea karibu wageni milioni 94 mwaka 2024, lazima walale mahali. Tafadhali msilete "utalii ni pesa" bila hesabu.

Mzee wa Hesabu

Hesabu nitaleta mimi. Chukua fleti ya vyumba viwili kwa mfano tu wa kukokotoa. Mpangaji wa kudumu analipa euro 1,100 kwa mwezi. Mgeni analipa 130 kwa usiku. Mwezi wa Julai ukipata usiku 20, mkononi ni 2,600. Watu hukomea hapo, wanaona mwenye nyumba anaogelea kwenye fedha.

Endelea kutoa. Wageni wamebadilishana mara sita, kila zamu usafi na mashuka ni 60, hiyo ni 360. Wakala wa kuendesha anakata asilimia 20, hiyo ni 520. Umeme, maji na intaneti viko juu ya mwenye nyumba, weka 180. Inabaki 1,540. Amemzidi mwenye mpangaji kwa 440 tu, tena kwenye mwezi mnono.

Sasa nenda Januari. Usiku 10 kwa 80, ni 800. Toa zamu tatu za usafi, 180, wakala 160, bili 150. Inabaki 310. Hapo angekuwa na mpangaji wa kudumu angepata 1,100 akiwa amelala.

Kwa hiyo anayejua biashara hii hafanyi utalii mwaka mzima. Anachanganya: Septemba hadi Mei au Juni anapangisha mwalimu, muuguzi au mwanafunzi, kiangazi anamtoa na kuingiza wageni. Kisiwani Ibiza na mjini Málaga mikataba ya namna hiyo imejaa. Ukifuta leseni ya utalii umemkata mguu mmoja, bado wa pili.

Msimamizi wa Jengo

Mzee umesema ya mfukoni, mimi niseme ya ngazini, maana wengi wanaojadili hawajui jengo la zamani la mtaa wa Eixample, Barcelona, lilivyo. Lifti ni ya watu wanne, ya mbao na kizimba cha chuma, imechomekwa baadaye katikati ya ngazi. Mgeni anatoka saa tano asubuhi, mwingine anaingia saa tisa au kumi alasiri. Katika saa hizo nne au tano kuna mfanya usafi, magunia ya mashuka machafu yanashuka, masafi yanapanda, na masanduku ya magurudumu yanagonga kila daraja. Wakazi wanalipia matengenezo ya lifti kwa mgao ulioandikwa kwenye hati ya jengo, si kwa jinsi kila fleti inavyoitumia. Fleti yenye wageni mia mbili kwa mwaka inaweza kuchangia sawasawa na ya ajuza mmoja.

Taka ndiyo kero kubwa zaidi. Mgeni anayeondoka alfajiri hajui pipa la kahawia ni la mabaki ya chakula na la njano ni la plastiki na makopo. Anafunga kila kitu mfuko mmoja, anauacha mlangoni. Hoteli ina mkataba wake wa taka za biashara na chumba cha kuzihifadhi. Fleti inatumia mapipa ya mtaa.

Tangu tarehe 3 Aprili 2025 sheria ya Hispania ya majengo ya pamoja inasema fleti ya watalii haiwezi kuwepo bila idhini ya theluthi tatu… samahani, tatu ya tano ya wenye jengo. Basi majirani wapige kura, wazifunge zote. Meya wa nini?

Mwanasheria Mlangoni

Dada, hapo umeteleza. Idhini ya tatu ya tano, yaani watatu kati ya kila watano, wakiwa pia na tatu ya tano ya hisa za jengo, inahusu fleti *mpya*. Iliyoanza kihalali kabla ya tarehe hiyo hairudiwi nyuma. Tena hiyo ni sheria ya taifa, Catalonia ina yake ya majengo ya pamoja. Barcelona haijatoa leseni mpya kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo kura ya majirani haigusi hata moja ya zile 10,101. Ndiyo maana njia iliyochukuliwa ni ya kuziacha zife kwa muda, si ya kuzinyang'anya.

Na kwa msomaji anayepanga kwenda: namba ya leseni ya Barcelona huanza na HUTB. Iwe kwenye tangazo. Kuanzia Julai 2025 nchi nzima imeongeza namba ya usajili ya taifa kwa matangazo ya kukaa muda mfupi mtandaoni. Tangazo lisilo na namba yoyote, au lenye namba ya fleti nyingine, ndilo linalokuacha barabarani na sanduku lako. Mei 2025 wizara inayoshughulikia walaji iliitaka Airbnb, tovuti ya kupangisha kwa muda mfupi, iondoe matangazo zaidi ya 65,000 kwa kasoro za aina hiyo. Dalili nyingine ni mwenyeji asiyekuomba pasi. Sheria inamtaka aandikishe wageni wote kwa mamlaka ndani ya saa 24, kwa hiyo asiyeuliza ana anachokificha.

Fundi Ramani

Mnazunguka fleti tu wakati swali lilikuwa na upande wa pili, Benidorm. Watu huicheka ile mji kwa picha: maghorofa kama meno ya kitana kando ya bahari. Mimi naitetea.

Mwaka 1956, chini ya meya Pedro Zaragoza, walichora mpango wa mji mzima kabla wageni hawajafurika. Baadaye, 1963, wakaondoa ukomo wa urefu. Siri haiko kwenye urefu wenyewe. Iko kwenye sharti la kiwanja: ukitaka kupanda juu, uache ardhi wazi kuzunguka jengo. Ndiyo maana kati ya ghorofa na ghorofa kuna bustani, bwawa na upepo. Gran Hotel Bali ina mita 186 na imekaa kwenye kiwanja ambacho kijijini kingebeba nyumba chache za likizo. Mgeni anakwenda ufukweni kwa miguu, hana haja ya gari.

Fukwe zake mbili zinaitwa Levante na Poniente, majina ya pepo, wa mashariki na wa magharibi. Msomaji wa pwani yetu anayeishi na kaskazi na kusi hahitaji kuelezwa zaidi.

Maji nayo yaangalieni. Mwaka 1978 ukame uliwafikisha mahali pa kuletewa maji kwa meli. Baada ya hapo walishughulikia mabomba kwa bidii, na mtandao wao leo unavuja kidogo kuliko miji mingi. Mnara wenye bwawa moja kwa wageni mia kadhaa hauna ulafi wa maji kama mtaa wa nyumba za likizo, kila moja na bwawa lake, na majani ya kumwagilia Agosti. Catalonia ilitangaza hali ya dharura ya ukame tarehe 1 Februari 2024, na mtambo wa El Prat wa kuondoa chumvi, wenye uwezo wa mita za ujazo 200,000 kwa siku, ukawa tegemeo. Maji hayo yanakula umeme. Anayetandaza nyumba za likizo vilimani anaiandikia halmashauri bili hiyo.

Jambo la mwisho, msimu. Benidorm haifungi baridi. Tangu miaka ya themanini taasisi ya serikali, Imserso, inawapeleka wastaafu pwani kwa bei ya ruzuku nje ya kiangazi. Hoteli haipati faida nono hapo, lakini wapishi na wafanya usafi hawaachishwi Oktoba. Kijiji cha fleti Novemba ni madirisha yaliyofungwa.

Kijana wa Palma

Fundi, minara yako sawa kwa waliochora 1956. Palma, mji mkuu wa visiwa vya Balearic, utaisimamisha wapi, juu ya kanisa kuu?

Tena Palma ndiyo jaribio ambalo Barcelona ingelisoma kwanza. Mwaka 2018 walipiga marufuku utalii kwenye fleti za majengo ya pamoja mji mzima, wakaruhusu nyumba za kujitegemea tu. Mahakama ya kisiwa ikabatilisha, Mahakama Kuu ya Hispania ikairudisha 2023. Kodi ya nyumba imeshuka? Hapana, imeendelea kupanda. Wanunuzi kutoka kaskazini mwa Ulaya wanalipa taslimu, ardhi ya kisiwa haiongezeki, na matangazo haramu hayaishi kwa sababu wakaguzi ni wachache. Mimi siungi mkono fleti hizo, ila msimwahidi mtu kwamba marufuku itamshushia kodi.

Bora tozo. Visiwani wanatoza kila usiku, kwa viwango vya 2018: euro 4 hoteli ya nyota tano, 3 ya nyota nne, 2 ya chini na nyumba za likizo. Walio chini ya miaka 16 hawalipi. Kuanzia usiku wa tisa inakuwa nusu, na Novemba hadi Aprili ni robo. Familia ya wazazi wawili, kijana wa miaka 17 na mtoto wa 10, usiku kumi Julai kwenye nyota nne: watatu wanalipa. Usiku nane kwa 9 ni 72, mbili kwa 4.50 ni 9, jumla 81, ongeza asilimia 10 ya VAT, ni euro 89.10.

Mzee wa Hesabu

Kijana, euro 89 kwa familia iliyolipa maelfu haimzuii mtu. Hiyo ni ada ya kusafisha baada yao. Usiiite breki.

Msimamizi wa Jengo

Na hoteli zenyewe zisipakwe marhamu. Mwaka 2020 visiwa vilitoa amri ya kudhibiti maeneo kama Magaluf na Playa de Palma, kwa sababu vifurushi vya "kila kitu ndani" vilikuwa vinazalisha walevi wa kuruka kutoka balkoni kwenda bwawani. Vinywaji vya pombe vya bure vikawa vitatu kwa chakula cha mchana na vitatu cha usiku. Maduka ya huko hayauzi pombe saa tatu na nusu usiku hadi saa mbili asubuhi. Aliyelipia kila kitu ndani hanunui hata kahawa mtaani. Anayepanga fleti angalau huenda sokoni. (Mwanasheria, kosa langu nimelikubali.)

Fundi Ramani

Sokoni ananunua maji na bia, dada. Mboga ananunua nani?

Mwanasheria Mlangoni

Turudi kwa alichosema Mzee mwanzoni, maana ndipo kesi ilipo. Mkataba wa makazi Hispania unampa mpangaji miaka mitano, saba kama mwenye nyumba ni kampuni, na dhamana ya mwezi mmoja. Mkataba wa msimu hauna muda huo, dhamana ni miezi miwili, na unatakiwa uwe na sababu ya kweli: masomo, kazi ya muda, matibabu. Catalonia ilipoweka ukomo wa kodi ya nyumba kwenye miji 140 Machi 2024, wenye nyumba wengi hawakwenda kwa watalii. Walikwenda kwenye mkataba wa miezi 11, maana wakati huo ukomo haukuugusa. Mpangaji ni yuleyule, mtoto wake yuko shule ileile, ila kwenye karatasi ni mtu wa kupita.

Kwa hiyo jibu langu kwa Mleta Mada: leseni zifutwe, ndiyo, lakini mwenye fleti awe na mlango mmoja tu wa kutokea, ule wa miaka mitano. Mkataba wa msimu uambatanishwe na barua ya chuo au ya mwajiri, isajiliwe pale inapowekwa dhamana, na bila barua uhesabiwe wa makazi.

Mleta Mada

Barua ya mwajiri itaandikwa na shemeji yake mwenye nyumba, mkuu. Nani anaikagua?

Mwanasheria Mlangoni

Ofisi inayopokea dhamana. Inayo tayari anwani ya fleti, jina la mpangaji na tarehe. Jina lilelile likirudi anwani ileile mara ya pili, huyo si wa msimu.