Mama lishe na mkoba wa kuazima: picha hii ina ukweli?

Mwanafunzi, Moshi

Habari za leo ndugu zangu. Ninasomea upigaji picha, na kazi yangu ya muhula huu ni kupiga picha za sura za akina mama wanaofanya biashara katika soko la Mbuyuni, kwa namna itakayoonyesha wao ni akina nani. Juzi nilimkuta mama lishe mmoja akipakua ugali, nikamwomba nimpige papo hapo, mvuke ukiwa bado unapanda. Alikataa. Alivua aproni, akafunga kitenge kipya, akaazima mkoba wa jirani yake muuza vitunguu, kisha akasimama wima mbele ya ukuta mweupe bila kutabasamu. Mwalimu wangu anasema picha hiyo haina ukweli, kwa kuwa mkoba si wake na sufuria haionekani. Je, nirudi nimpige akiwa kazini, au niitetee picha aliyoichagua mwenyewe? Isitoshe, uso wake umetoka mweusi mno, hata macho hayaonekani vizuri.

Mpiga picha wa studio, Arusha

Mwanangu, nimeianza kazi hii enzi za filamu, na koti la suti lililokuwa likining'inia mlangoni pa studio yetu lilivaliwa na nusu ya mtaa. Waliokuwa wafupi tuliwakunjia mikono kwa ndani na kuibana kwa pini. Hakuna aliyeona kwamba anadanganya. Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948, aliwawekea wateja suti, saa na redio, na kitambaa chake cha kwanza cha nyuma kilikuwa tandiko la kitanda chake mwenyewe. Picha hizo leo ndizo zinazotuonyesha jinsi watu wa Bamako walivyotaka kuonekana katika miaka ya kuelekea uhuru wa Mali wa mwaka 1960. Mwalimu wako hajakosea kudai ukweli, ila ameutafuta kwenye vyombo.

Kuhusu uso, usiilaumu ngozi yake. Kipimo cha mwanga cha kamera huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu, hivyo ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera hupunguza mwanga na uso huzama gizani. Pima mwanga kwenye shavu lake, au ongeza stopu moja hadi moja na nusu (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ukuta ukiungua kidogo, yaani ukitoka mweupe kupita kiasi, si neno.

Mwongoza watalii, Arusha

Nakubaliana na mzee, ila mimi naona swali zito zaidi liko chini ya picha. Kadi za posta za zamani ziliandikwa "Mmasai" tu, chini ya sura ya mtu aliyekuwa na jina na ukoo wake, na hata sasa wapo wageni wanaoshusha kioo cha gari, wakapiga, wakaondoka. Dada, ukiitundika picha yako kwa maneno "mama lishe, Moshi", kitenge hakitamsaidia. Muulize anataka aandikwe nani, na umpelekee nakala iliyochapishwa kabla mwalimu hajaiona.

Mwanafunzi, Moshi

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee. Nimerudi leo asubuhi na kupima mwanga shavuni, macho yameonekana. Ametaka liandikwe jina lake la ubatizo na la ukoo wa baba yake, wala si "Mama Fulani" kama sokoni wote wanavyomwita. Mkoba ni uleule, ila safari hii mwenye mkoba naye alidai zamu yake, akaniachia vitunguu vyake nivilinde huku akienda kubadilisha gauni.