IMENIRUDISHIA NUSU YA MZEE HALAFU INASEMA NI "ONYO" TU!!!

FundiWaNtinda (mwanzisha uzi)

Banange, simtaji mtu hapa. Mnaijua wenyewe. Imo kwenye simu zenu, imo kwenye vivinjari vyenu, nadhani imo hata kwenye pasi ya mama. Ile ile maktaba ya kufungua picha za JPEG, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao programu zetu huuazima.

Jana ilikuwa kwanjula ya kaka yangu, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe, Mukono. Kazi yangu ilikuwa moja tu: bango. Mita tatu, picha ya mzee wa upande wa binti, kanzu, kofia, kiti cha kuchonga, heshima tupu. Picha ikatumwa kutoka kijijini, ikapita kwenye programu niliyoandika kwa mikono yangu, ikachapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapishaji Kampala, usiku wa manane, ikakunjwa. Sikuikunjua kuangalia. (Ndiyo, najua. Nyamazeni.)

Bango likafunguliwa mbele ya mahema yote. Kofia ipo. Macho yapo. Ndevu zipo. Chini ya ndevu: KIJIVU. Kijivu laini kama sakafu ya saruji iliyopigwa leo asubuhi, mpaka ukingo wa chini. Mzee amezikwa wima!

Msemaji wao akachukua maikrofoni, taratibu, hana haraka: "Wageni wetu wametuletea nusu ya baba yetu. Tunauliza kwa upole, nusu nyingine mmeiacha Kampala?"

NUSU NYINGINE MMEIACHA KAMPALA. Watu wazima walianguka kutoka kwenye viti. Bibi yangu mwenyewe, damu yangu, alicheka mpaka mshipi wa gomesi ukafunguka.

Nimerudi usiku huu nimefungua faili. Mtandao ulikatika katikati, sawa, mtandao wetu tunaujua. Sasa wewe ukiagiza gunia la mahindi likafika nusu, si unapiga simu? Huyu mfungua JPEG hapigi simu. Huyu akiishiwa baiti kabla picha haijaisha, anabuni mwisho wake! Anachomeka FF D9, zile baiti mbili za "picha imeisha", kana kwamba zilikuwemo kwenye faili, kisha vipande vyote vilivyobaki anavipaka kijivu na kukukabidhi kana kwamba hakuna kilichotokea. Onyo? Lilikuwepo. Alilinong'ona kwenye stderr, mkondo wa ujumbe wa makosa, kwenye seva isiyo na kioo, saa nane usiku. Alikuwa anamwambia nani, popo?

Angesema "faili bovu". Maneno mawili! Ningechapisha maua. Nusu nyingine mmeiacha Kampala, jamani, kwenye maikrofoni.

Ssalongo_Bafa

Mzee amezikwa wima 😂😂😂 Naomba picha ya bango.

MwalimuWaGulu

Ssebo, kuna kihesabu cha maonyo. Ukimaliza kufungua picha unakitazama. Kikizidi sifuri, huendi Nasser Road. Na kama data inakuja kwa mtandao kipande kipande, unaandika chanzo chako mwenyewe cha data: bafa (hifadhi ya muda ya baiti) ikikauka unaijibu maktaba "bado", yenyewe inasimama, unailetea baiti nyingine kisha unaiita tena. Ila zile ambazo haijazimaliza usizitupe, maana itarudi kuzisoma upya. Yote haya yamo kwenye mwongozo.

FundiWaNtinda

Mwalimu, nilikuwa na kwanjula, sikuwa na mtihani.

Ssalongo_Bafa

Picha ya bango bado tunasubiri. Hata nusu.

KijanaWaArua

Wewe ulipewa nusu, shukuru Mungu. Mimi nilikuwa napunguza ukubwa wa picha 4,000, maktaba ikakutana na moja mbovu, ikaita exit, amri ya kufunga programu. Haikurudisha kosa, haikuaga. Ikaua programu nzima na foleni yake. Ati ndivyo inavyofanya usipoiwekea mshughulikia makosa wako. Mgeni kaona chawa mmoja kwenye mkeka, kachoma nyumba.

Nnyabo_Pikseli

Na yule jirani yake, maktaba ya picha za PNG, je? Nilisoma baiti 8 za mwanzo kuhakikisha kweli ni PNG, nikampa faili aendelee. Akagoma: hii si PNG. Kumbe nilitakiwa kumtangazia kwamba nane nimeshazila! Chakula hakigusi mpaka ajue nani ameonja.

Mjukuu_wa_Kilobaiti

Waliowahi kufungua faili kwa "r" (soma) bila "b" (baiti ghafi, si maandishi) kwenye Windows wanyooshe mikono. Ikikuta baiti ya 1A, yaani 26, inadhani faili limeisha. Siku tatu za maisha yangu.

MwalimuWaGulu

Ndiyo maana sahihi ya PNG, zile baiti nane za mwanzo, ina 13, 10, 26, 10 mwishoni. Ziliwekwa makusudi zikuumbue mapema.

Mjukuu_wa_Kilobaiti

Zilikuwa JPEG, Mwalimu. Niliumbuka kwa kuchelewa.

BodaWaData

Kelele zote hizi na hakuna aliyetaja bando. Ile kodi ya shilingi 200 ya kila siku ya mitandao ya kijamii ilipoondolewa 2021 tulishangilia, kumbe nyuma yake inakuja kodi ya asilimia 12 juu ya data. Picha ya mzee ilikatika kwa sababu bando la mtumaji liliisha. Maktaba mnaionea.

Ssalongo_Bafa

Langu linaisha nikiwa nimelala. Sijui linatumiwa na nani.

KijanaWaArua

Na panya wako.

FundiWaNtinda

Msinibadilishie mada! Bando liishe, sawa, lakini nani aliyepaka kijivu? Nani? Nusu nyingine mmeiacha Kampa

BodaWaData

Ona, hata ujumbe wake umefika nusu.

Nnyabo_Pikseli

😂😂 Kale, mlitozwa faini?

FundiWaNtinda

Mbuzi. Msemaji akasisitiza aje mzima, na miguu yote minne.

KijanaWaArua

Kwani mbuzi mnanunua wapi siku hizi? Mimi kwanjula yangu ni Desemba na nimeshaanza kuumwa kichwa.

Ssalongo_Bafa

Usinunue barabarani Jumamosi asubuhi. Wakiona tu umevaa kanzu, bei inapanda.

BodaWaData

Nina mabeberu wawili Kayunga. Picha natuma kesho nikipata bando.

KijanaWaArua

Wana pembe?